Mkono wa Bi Mishi

Eda yangu ilimalizika Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Siku ya pili yake mkaza mwana wangu alimleta nyumbani msichana mmoja kutoka Muyeye, mwenye mkoba uliojaa vikoni, vifuko vyenye ncha, vya hina iliyokwisha kusagwa na kuchanganywa, akanieleza kwamba mjane aliyetimiza muda wake ana haki ya kurudi katika mapambo. Nilimjibu kuwa haki hiyo naijua na sihitaji kukumbushwa. Hata hivyo nilikaa, nikanyoosha mikono juu ya mto, na msichana akakata ncha ya kikoni cha kwanza.

Harufu ya hina mbichi haimpendezi kila mtu. Ina ubichi wa majani yaliyopondwa, ina ukali wa ndimu na uchungu wa chai iliyolala, na chini ya vyote hivyo kuna harufu kama ya udongo uliopata mvua baada ya kiangazi. Kwa miezi minne na siku kumi sikuwa nimenusa udi wala marashi, kama sheria inavyotaka, na pua yangu ilikuwa imekuwa nyepesi kama ya mtoto. Mkaza mwana aliponisogezea kikombe cha chai mdomoni, nilikataa. Nilisema nitakunywa mikono itakapokauka.

“Huyu ndiye mama yetu,” alimwambia yule msichana. “Hanyweshwi.”

Msichana alicheka bila kuinua macho kutoka kiganjani mwangu. “Nilijua tangu alipoketi,” alisema. “Aliukung’uta mto kabla ya kuuegemea.”

Alikuwa amenisoma, na mtu wa kwanza kunifundisha usomaji huo alikuwa mama yangu, aliyefanya kazi hiyohiyo katika mtaa huohuo. Mwaka nilioanza kuusoma ulimwengu kwa njia hiyo ndio mwaka nilioingia shule, nikiwa nimechelewa, na mambo hayo mawili hayatengani katika kumbukumbu zangu.

Mama alikuwa mpakaji wa hina. Baba alifariki kabla sijaweza kuhifadhi sura yake, nasi tukabaki Muyeye katika chumba kimoja chenye ukumbi mdogo na ua wa nyuma. Siku zile hina haikuuzwa ikiwa tayari. Mama alichuma majani ya mhina uliokuwa uani, akayaanika kivulini, akayatwanga kinuni na kuyachekecha kwa kitambaa cha melimeli mpaka unga ukawa laini kama poda. Alichora kwa kijiti cha chelewa, uti wa jani la mnazi, alichokichonga ncha mwenyewe. Mwanamke aliyekuja kupakwa alikaa mkekani tangu baada ya adhuhuri hadi jua likaribie kuchwa, mikono imenyooshwa mbele yake, ni yake lakini haimtumikii.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Mtu aliyepakwa hina mikono yote miwili hawezi kunywa maji, hawezi kukaza leso iliyolegea, hawezi kumfukuza nzi wala kujikuna pua. Mimi nilikuwa mikono yao. Niliwanywesha, niliwalisha kaimati moja moja, niliwapepea kwa kipepeo cha ukili, niliwafuta jasho. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimewakuna pua wanawake wengi kuliko mtoto yeyote wa Malindi.

Mwanamke asiye na mikono hujionyesha. Hilo mama hakunieleza. Nililiokota mwenyewe mkekani. Kuna waliosema “nikune,” na kuna waliosema “pua yaniwasha,” kisha wakangoja mtu akisie wanachotaka. Kuna waliouliza “bado?” kabla ya ua la kwanza kukamilika. Kuna mmoja aliyeniomba radhi kwa kila funda la maji, hata nusu ya maji ikamwagikia kidevuni kwa sababu ya radhi hizo. Wengine walisimulia mambo ya waume zao kana kwamba kufungwa kwa mikono kumewafungua ndimi. Na kuna waliokaa kimya, wakitazama mbele, wasiseme neno mpaka hina ikauke.

Kwa kuwa nilikuwa mtoto, nilitaka mafungu machache. Niliwagawa wote mara mbili tu: walioniita “mwanangu” na wasioniita. Fungu la kwanza lilikuwa la watu wema. La pili lilikuwa la wenye kiburi.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, mama alikuwa akikung’uta mkeka na kuniuliza swali moja.

“Haya. Leo umeona nini?”

“Yule mnene ni mwema.”

“Sikukuuliza kama ni mwema. Nimekuuliza umeona nini.”

Nilidhani ananionea. Nilijitahidi kufikiri, nikasema yule mnene ametuchekesha, na mama akatikisa kichwa, akaendelea kukung’uta mkeka. Jibu alilolitaka sikulijua, na yeye hakuwa mtu wa kumpa mtu jibu.

Sasa nieleze jambo lililokuwa likimkera mama mwaka ule. Nilikuwa sijapelekwa shule. Kila harusi ilinihitaji, na harusi za Malindi na vitongoji vyake hazikuwa chache. Mama aliona wazi kuwa nikiendelea kukaa naye nitakua bila kujua kusoma, nitarithi kijiti cha chelewa na mgongo unaouma. Alikuwa ameamua kunitoa kwake. Alihitaji nyumba ambayo ningelala, nikala, nikasoma. Na mlango aliotaka kuubisha hodi ulikuwa mmoja kati ya miwili.

Mlango wa kwanza ulikuwa wazi hata kabla hajaubisha. Bi Rukia wa Shella, aliyekuwa akiuza leso katika ukumbi wa nyumba yake, alikuwa shoga wa mama tangu usichana wao. Hakuzaa. Kila alipokuja kwetu alinikumbatia, akasema, “Nipe mtoto huyu, Zena. Wangoja nini? Shule iko nyuma ya nyumba yangu, na gauni nimekwisha mshonea.” Gauni hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, la samawati, lenye mifuko miwili. Kwa upande wangu shauri lilikuwa limekwisha.

Mlango wa pili ulikuwa Mnarani, ng’ambo ya mto wa Kilifi. Alikaa huko Bi Mishi, binamu wa marehemu baba, niliyepaswa kumwita shangazi. Nilikuwa nimemwona mara mbili. Hakuwa na gauni la samawati. Alikuwa mwanamke mrefu aliyesema maneno kama mtu anayeyatoa katika mfuko ulioshonwa mdomo.

Ikawa mwanawe Bi Mishi anamwoa binti wa kaka yake Bi Rukia. Harusi ilipangwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nikaha Ijumaa na sherehe ya wanawake Jumamosi. Nazitaja siku hizi kwa uhakika kwa sababu mama alihesabu kazi yake yote kwa mwezi mwandamo, na tabia ya kushika siku nimeirithi kwake. Bi Mishi aliwasili Malindi mapema, na Alhamisi alikuja Muyeye kupakwa. Bi Rukia naye alikuja siku hiyohiyo. Kama mama alipanga iwe hivyo au ilitokea tu, sikumwuliza, naye hakusema.

Walikaa mkeka mmoja, mama wa bwana harusi na shangazi wa bibi harusi, na kwa desturi yetu watu wa pande hizo mbili wana ruhusa ya kutaniana hadi harusi ipite. Bi Rukia aliitumia ruhusa yake yote.

“Mama bwana harusi!” aliita, mikono yake ikiwa tayari imejaa maua ya hina hadi kwenye viwiko. “Kwani nyie watu wa Mnarani mwachumbia kwa ishara? Tangu umeingia sijasikia sauti yako.”

“Sauti yangu naiweka,” alijibu Bi Mishi.

“Waiwekea nani? Au mwanao atakuja kuioa?”

Mama alicheka hata kijiti kikatetemeka. Bi Mishi hakucheka. Alitazama kiganja chake cha kulia, ambacho mama alikuwa akikimalizia. Ulikuwa mchoro mgumu, tawi moja lililotoka kwenye kifundo likapita katikati ya kiganja na kuchipua katika kila kidole. Mama wa bwana harusi hutazamwa mikono kabla ya uso, na watu wa Shella ni hodari wa kutazama. Mama alijua hivyo. Alikuwa ameshughulika na kiganja kile tangu adhuhuri.

“Mwanangu,” Bi Rukia aliniambia, “njoo unilishe kaimati, roho yangu. Tazameni vidole vyake! Hivi ni vidole vya kushika kalamu. Nani atasema si vya kalamu?”

Nilimlisha. Alitafuna, akafumba macho, akasema hajapata kula kaimati tamu kama hizo, ilhali zilikuwa za jana. Nikamgeukia Bi Mishi.

“Shangazi, nikulishe?”

“Sina njaa.”

“Maji?”

“Nikitaka nitasema.”

Nikamweka fungu lake.

Jiko la makaa lilikuwa karibu na mlango wa uani, birika likiwa juu yake. Mama alinituma nilete chai. Nililishika birika kwa kitambaa, nikamimina vikombeni, nikawa nalirudisha jikoni nikitembea kwa madaha kidogo, kwa kuwa nilijua Bi Rukia ananitazama. Ukingo wa mkeka ulikuwa umejikunja. Mguu wangu ulinasa, birika likaniponyoka na kuangukia uani, nami nikaanza kuporomoka kuelekea kwenye jiko, uso mbele.

Kilichofuata nilikielewa hivi. Nilisikia Bi Rukia akipiga ukelele: “Ya Rabi! Mtoto! Mtoto aungua!” Nilimwona ameinua mikono yote miwili juu, machozi yakimtoka papo hapo. Kisha nikasikia maumivu kwenye mkono wangu wa kushoto, kama nimechapwa, nikavutwa kwa nguvu upande wa ukuta, na uso wa Bi Mishi ukawa juu ya uso wangu.

“Huna macho?” alinikemea. “Watembea wapi?”

Nilijitoa mkononi mwake nikakimbia. Nilipitia mlango wa uani, nikajibanza nyuma ya mhina, nikalia kwa muda ambao sasa naona ulikuwa mrefu, kwa sababu nilipotoka jua lilikuwa limeshuka na hina niliyopakazwa mkononi ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bwawani. Nikaibandua. Chini yake, kwenye ngozi, kulikuwa na vidole vinne na gumba, vya rangi ya chungwa, vimenizunguka mkono.

Hina ya mama ilikuwa kali. Nilisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa makumbi ya nazi. Niliongeza wekundu wa ngozi tu. Mtu amenipiga, na kipigo hakitoki. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nikavaa gauni lenye mikono mirefu, joto lile la Mfunguo Mosi.

Jioni mama aliukung’uta mkeka kama kawaida. Kulikuwa na doa kubwa la hina pale alipokuwa ameketi Bi Mishi. Alilitazama doa, akanitazama mimi.

“Umeona nini leo?”

“Shangazi amenipiga.”

Mama aliuliza tena swali lake, pole pole. Nikajibu tena vilevile, kisha nikaongeza yote yaliyokuwa moyoni: kwamba Bi Mishi ni mkali, kwamba Bi Rukia alilia kwa ajili yangu, kwamba nataka kwenda Shella kwenye gauni langu, na kwamba akinipeleka Mnarani nitatoroka nirudi kwa miguu. Mama alisema Mnarani ni mbali na kuna maji katikati. Halafu akaukunja mkeka.

Jumamosi tulikwenda kwenye sherehe Shella. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini na uani, udi unafuka, pilau inapakuliwa. Mama alikuwa amekaa karibu na bibi harusi ili aikarabati hina yake ikihitajika, nami nilikuwa nyuma yake. Tukiwa hapo niliyasikia mazungumzo mawili, na nayaandika yote mawili kama nilivyoyasikia.

La kwanza lilikuwa la Bi Rukia. Alikuwa amesimama katikati ya duara la wanawake, mikono yake mizuri ikipaa na kushuka.

“Nawaambia, moyo wangu ulisimama! Mtoto yuaenda motoni, namwona hivi, nikasema leo nimekufa mimi. Nimelia, jamani. Muulizeni Zena kama sikulia. Hata chai sikuweza kunywa. Usiku sikulala, nikifumba macho namwona.”

“Pole, Bi Rukia,” walisema wale wanawake, mmoja akimshika bega. “Pole sana. Moyo wako mwepesi mno.”

La pili lilitokea baadaye, wakati wa kunawa mikono kabla ya chakula. Wanawake wawili wa upande wa bibi harusi walikuwa wameketi mkabala na Bi Mishi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetoka vizuri. Wa kulia ulikuwa umeharibika. Tawi lile lilikuwa limefutika katikati ya kiganja, na vidole vilibaki na mabaka, kama maandishi yaliyomwagikiwa maji.

“Ee mama bwana harusi!” alisema mmoja wao kwa sauti iliyofika mbali. “Nani alokupaka huyo? Mkono mmoja bibi, mkono mmoja kijakazi!”

Vicheko vikapita ukumbini. Nilimwona mama amekaza shingo. Jina la mpakaji wa hina hujengwa kwa miaka na huweza kuanguka katika sinia moja la pilau. Hilo hata mimi nililijua.

“Mpakaji hana kosa,” alisema Bi Mishi. “Nilikosa subira. Nilitikisa mkono kabla haujakauka.”

“Mtu mzima hivyo?”

“Mtu mzima hivyo.”

Akanyoosha mkono wake ulioharibika, hakuuficha chini ya leso, akaula wali wake. Nami, nyuma ya mama, nilifurahi. Nilisema moyoni: sasa ni mwongo pia. Amenipiga, na mbele ya watu anaficha.

Kabla hatujaondoka, mama alimfuata Bi Mishi uani. Nilikwenda naye kwa kuwa alinishika mkono.

“Wifi,” mama alimwambia, “nina ombi. Huyu nataka asome. Kwangu hatasoma. Nataka akae nawe.”

Bi Mishi alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni.

“Ana miaka mingapi?”

“Kumi.”

“Kumi, na hajui hata alifu?”

“Juzuu amma amehifadhi. Kalamu hajaishika.”

“Chumba changu kidogo. Atalala na mahindi. Mimi si mtu wa kubembeleza mtoto.”

“Najua.”

“Shule yafunguliwa Jumatatu. Mimi narudi kesho. Aje kesho.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yote. Bi Rukia alipopata habari alilia, safari hii nadhani kwa kweli, akamkumbatia mama, akamwambia hana neno, akampa lile gauni la samawati nilivae huko niendako. Lazima niseme hivyo kwa ajili yake. Kila Idi, hadi nilipoolewa, aliniletea kitu, na kila alipokileta alisimulia jinsi alivyokipata. Katika mapenzi yake hapakuwa na hila. Ila ilimlazimu awemo yeye katikati ya mapenzi hayo.

Jumapili asubuhi mama alinikalisha katikati ya magoti yake anisuke. Mtu anayesukwa naye hana mahali pa kwenda. Kichwa chake ki mikononi mwa mwingine. Nilikuwa nimekwisha kulia, nikabaki na kwikwi.

“Mama, wanipeleka kwa mtu aliyenipiga.”

“Haya. Nambie umeona nini.”

“Amenipiga.”

“Hiyo ni hukumu. Nataka macho yako. Alhamisi, ulipojikwaa. Bi Rukia mikono yake ilikuwa wapi?”

Nikafikiri. “Juu.”

“Kwa nini juu?”

“Hina isiharibike.”

“Kwa nini iko katika moyo wake, hilo hatulijui. Nimekosea mimi kuuliza. Mikono ilikuwa juu. Ya Bi Mishi?”

Mama alisuka mstari mmoja hadi mwisho na kuanza mwingine.

“Ilinishika.”

“Wapi?”

“Hapa.” Nilikunja mkono wa gauni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha. Mama aliyatazama yale makovu ya rangi, akaweka kidole chake juu ya moja, akarudi kwenye nywele zangu.

“Ulipokuwa waanguka, jiko lilikuwa upande gani?”

“Mbele.”

“Ukaangukia upande gani?”

“Ukutani.”

Nilisema neno hilo, nikalisikia mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi anaweza kubeba maneno kwa siku tatu bila kuyaona. Jiko lilikuwa mbele, nami niliangukia ukutani.

“Lakini alinikemea,” nilisema.

“Alikukemea. Ni mkali. Atakukemea tena.” Alivuta nywele kwa nguvu kidogo. “Sikukuchagulia yeye kwa sababu alikushika. Mtu yeyote aweza kushika mtoto anayeanguka. Mkono waenda wenyewe, mwenye mkono hajafikiri. Bi Rukia angalikuwa karibu zaidi labda naye angalishika. Niliingoja Jumamosi.”

“Jumamosi alisema uongo.”

“Alisema nini?”

“Alisema alikosa subira.”

“Na angalisema kweli, wale wangalifanyaje?”

Mama alinieleza mwenyewe, na nakumbuka ndiyo mara pekee aliyonieleza jambo hadi mwisho. Wangalimsifu, alisema. Wangalimpa pole na kumshika bega kama walivyomshika mwenziwe. Tena angaliweza kusema mpakaji ni mbovu, wakacheka wote, akatoka msafi. Alikuwa na njia mbili za kupita na heshima yake mbele ya wakwe, na hakuna iliyokuwa na dhambi kubwa. Alichukua ya tatu, ya kuchekwa yeye, kisha akala wali.

“Nyumba utakayokaa miaka,” mama alisema, akifunga msuko wa mwisho, “yatakiwa iwe na mtu ambaye ukimvunjia kitu hatakuwa na haja ya kumsimulia jirani.”

Tulivuka mto wa Kilifi kwa feri mchana huo, Bi Mishi nami. Nilikuwa nimeelewa kwa akili, lakini mtoto haanzi kumpenda mtu kwa sababu ameelezwa. Nilimwogopa bado. Nililala na mahindi kama ilivyoahidiwa. Alfajiri aliniamsha kwa kunigusa mguu kwa mguu wake, akanipa uji, akanivalisha gauni la samawati. Lilikuwa na mikono mifupi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema miaka kumi ni mingi kwa darasa la kwanza. Bi Mishi akasema miaka kumi na moja ni mingi zaidi. Mwalimu akatabasamu, akaniuliza jina langu, sauti haikutoka. Akaniuliza tena. Hapo macho yake yakashuka kwenye mkono wangu wa kushoto, tabasamu likamwisha. Mtu wa bara hakuzoea hina, na alama zile, zikiwa zimeanza kukolea kuelekea wekundu, hazikufanana na pambo.

“Nani amempiga mtoto huyu?” aliuliza.

Nilimtazama Bi Mishi. Alikuwa amesimama wima, buibui lake limefungwa kifuani. Nilikuwa nimeanza kumsoma, nikajua kabla hajafungua kinywa kwamba hatajieleza.

“Ni mkono wangu,” alisema.

Mwalimu alilaza kalamu mezani. Alisema kwamba mtoto anayetendewa hivyo nyumbani hafai kupokelewa kimya kimya, kwamba atataka kumwona mzazi wake, na kwamba labda ingefaa nirudishwe nilikotoka. Hakupandisha sauti. Aliona alichoona, na akakipa jina lilelile nililokipa mimi.

Nilikunjua mkono wangu mbele ya meza yake, ili autazame vizuri.

“Sikupigwa, mwalimu,” nilisema. “Nilishikwa. Nilikuwa naanguka motoni, shangazi amepakwa hina, akanishika.”

Aliutazama mkono wangu, kisha akamwomba Bi Mishi aonyeshe wake. Bi Mishi alisita kwa kitambo, kama mtu aliyeombwa kufunua kichwa, halafu akakifungua kiganja cha kulia. Mahali ambapo tawi lilikuwa limefutika kwake, ndipo lilipokuwa limebaki kwangu. Mwalimu alitazama huku, akatazama kule, akachukua kalamu yake.

“Jina lako nani?” aliuliza kwa mara ya tatu, na mara hii nililitaja.

Nje, Bi Mishi alinirekebishia ukosi wa gauni. Nilidhani atasema neno juu ya yaliyopita. Alisema, “Adhuhuri usizurure,” akaenda zake.

Adhuhuri nilipotoka alikuwa langoni. Magari ya Mombasa yalikuwa yakipita kwa kasi kuelekea kwenye feri, nasi tulipaswa kuvuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, na bila kunitazama mimi akanyoosha mkono wake wa kulia, akanishika palepale, kidole juu ya alama ya kidole, tukavuka.